Kondoo wa Kumpokea Sulemani

Majengo, Meru
Jumatano

Kwa dada yangu mpendwa, Sista Cicily,

Kila nikikuandikia hukwama hapa juu, kwenye salamu. Nikianza na Tumsifu Yesu Kristo, mkono unasita. Nikianza na assalamu alaikum, nakuona ukitabasamu na kugeuka kutazama kama Mama Mkuu yuko karibu. Basi wacha nikuamkie kama tulivyokuwa tukiamkiana asubuhi kwenye baridi ya Kibirichia, kila mtu na ndoo yake ya viazi: hujambo, mkubwa wangu? Umelalaje? Na goti la kulia linasemaje? Nadhira aliniambia wenzako wakipiga magoti wewe siku hizi unaketi kwenye kiti. Nilisikitika, kisha nikacheka peke yangu, maana tangu utoto ulikuwa wa kwanza kupiga magoti na wa mwisho kuinuka, na mimi nikikufinya nyuma ili twende tukale.

Sisi huku tu wazima. Sulemani ana presha yake ile ile na ubishi wake ule ule. Daktari amemkataza chumvi, naye anasema mtu wa bucha kula nyama bila chumvi ni adhabu ya kaburi iliyoletwa mapema. Mvua imenyesha hadi ukuta wa nyuma umeota ukungu. Barua hii ataileta Nadhira akirudi shuleni kwake huko Embu, nami nimeifunga kwa gundi. Binti yangu ni mwalimu, na walimu wana tabia ya kusoma kila karatasi wanayoiona. Ungeweza kuuliza kwa nini sikupiga simu. Simu yenu hupokelewa na Mama Mkuu, na mambo haya siwezi kuyapitisha kwenye sikio la mtu mwingine. Tena nikiyasema kwa Kimeru nitalia kabla sijafika katikati. Kiswahili ndicho tulichoandikiana tangu uingie utawa, basi na hili lipite humo humo.

Habari kubwa ni kwamba mama ametuita nyumbani. Ametuita sote wawili, mimi na Sulemani, Jumamosi hii.

Najua umesimama kusoma. Simama tu kidogo, kisha uendelee, nami nitakueleza kwa utaratibu.

Gikunda alikuja Jumapili. Ndugu yetu huyo, kama ujuavyo, hupita hapa mjini kila wiki akileta viazi Kinoru, na kwa miaka yote hii hajawahi kuvuka mlango wangu. Hunipigia simu nimfuate kwenye gari, tunasalimiana dirishani, ananipa habari za mama, anakwenda zake. Jumapili alishuka. Aliingia, akaketi, akanywa chai vikombe viwili. Alisema mama amefikisha miaka themanini na sita na hataki kufa na mlango uliofungwa. Nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema: “Mama amesema mkuje Jumamosi. Na huyo mzee wako akuje na kisu yake. Kondoo iko tayari, achinje mwenyewe vile anataka.” Kisha akakohoa, akaongeza kwamba kuna sharti moja. Kabla ya kuchinja, Sulemani asimame kwenye kaburi la baba aombe msamaha kwa ile siku.

Dada, ulikuwa umeshaingia utawa wakati huo, na ile siku uliisikia kwa barua. Wacha nikukumbushe ulivyoisikia.

Ulipoolewa na Kanisa, baba alichinja ng'ombe wawili, na watu wa Kibirichia walikula mpaka wakaanza kugombana. Mimi nilipoolewa na mchinjaji, sikuchinjiwa hata kuku. Unakumbuka baba alikuwa katekista na Biblia aliijua kama mfuko wake wa koti, lakini siku niliyomwambia habari za Sulemani hakushika Biblia. Alishika hadithi ya nyanya, ile ya Mbwaa, kisiwa ambacho wazee wetu waliishi zamani wakitawaliwa na watu wa nguo nyekundu, ndio Waarabu kwa kauli yake, mpaka wakavuka maji wakakimbia, wakatembea vizazi na vizazi hadi kwenye mlima huu. Aliniambia wazee wangu walivuka maji kuwakimbia watu hao, na mimi sasa ninarudi kisiwani kwa miguu yangu mwenyewe. Nilimjibu kwamba Sulemani huvaa koti jeupe la bucha. Hakucheka.

Lakini dada, kwa hilo la kisiwa hakukosea. Nimeishi kisiwani, hapa Majengo, miaka thelathini na miwili. Babu wa babu yake Sulemani alikuwa Mnyamwezi, mpagazi wa pembe za ndovu, akibeba mali ya watu wengine hadi mguu ukavimba, msafara ukamwacha. Wengine hapa babu zao walikuja na bunduki ya Mzungu, wengine na mabunda ya kitambaa. Wazee wa hapa husimulia kwamba bwana Disii, Mzungu mkubwa wa wilaya, alichora mistari minne akawaambia nyinyi wa kanzu mtakaa humu ndani. Kule juu kwenye milima kukagawanywa, upande huu wa mapadri, upande ule wa Wamethodisti. Mtu asiye na shamba atafanya nini? Akachinja ng'ombe wa wengine na kuuza chumvi kwa wengine. Na kwa kuwa walikuja bila wanawake, wanawake waliteremka kutoka milimani. Kila bibi kizee wa Majengo ukimchunguza ni binti wa mtu kutoka Imenti au Tigania, na kila mmoja alikuwa na baba aliyemwambia maneno kama ya baba yetu. Tukiosha sufuria za harusi tunasemezana Kimeru kwa sauti ya chini, wajukuu wasitucheke.

Nao wamenipenda, nisiseme uongo. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alinifundisha kuswali akinishika viwiko kama anayemfundisha mtoto kutembea. Niliingia dini kwa ajili ya mwanamume, lakini nimebaki kwa ajili yangu. Hilo sijutii.

Kinachonila ni nyumbani. Kila siku magari ya viazi yakifika Kinoru mimi hushuka na kapu langu, nikaulize magunia yametoka wapi. Wakisema Kibirichia nanunua, hata kama vya Timau ni vizuri zaidi. Nikifika jikoni nanusa udongo kabla ya kuosha. Sulemani alinifumania mara moja pua ikiwa ndani ya gunia, akaniuliza kama nimeanza kuvuta tumbaku. Kutoka hapa hadi kwa mama ni mwendo wa saa moja tu. Kuna watu wamekwenda Uarabuni kufanya kazi wakarudi nyumbani kwao mara nyingi kuliko mimi.

Sasa ile siku. Nadhira alikuwa wa miezi minne. Baba alikuwa amenyamaza mwaka mzima, kisha mjukuu akamlainisha. Akatuma neno kwamba atachinja kondoo kumpokea Sulemani, tulete na mtoto. Alialika wazee, alialika padri, alialika hata wale waliomsengenya kanisani kwa ajili yangu. Watu wakaketi, nyama ikaletwa, na kipande cha kwanza baba akakitoa kwa mkono wake mwenyewe, akampa Sulemani. Sulemani akakipokea, akakishika, akakirudisha kwenye sinia taratibu. Akasema atashukuru kupata viazi na chai. Baba aliinuka bila kuonja chochote, akaingia ndani. Mama ndiye aliyetuletea neno pale nje, kwamba katika boma lile hakitachinjwa tena kitu kwa ajili yetu, na tusirudi. Tuliteremka na mtoto wetu, viazi vikiwa mezani bado vinatoa mvuke.

Hivyo ndivyo ulivyoisikia, na hivyo ndivyo wote wanavyoijua: mkwe mwenye kiburi aliidharau nyama ya mzee mbele ya watu. Baba alipofariki, mwaka wa tisa huu, niliruhusiwa kuja peke yangu, nikaketishwa kwenye hema la wageni. Wewe ulikuwa mbele na familia, ulinitafuta kwa macho, nilikuona. Jambo usilolijua ni kwamba Sulemani naye alikuja. Alisimama nje ya ua, upande wa mikaratusi, na kofia yake mkononi, mpaka udongo ukajaa. Kisha akarudi kufungua bucha.

Gikunda alipomaliza kusema habari ya sharti, nilimtazama mume wangu. Nilijua moyoni mwake ana yake. Kwa miaka yote hii ameamini kwamba siku ile baba alimfanyia hila, na sababu yake utaisikia hivi punde. Nilidhani atakataa. Alizungusha kikombe mezani, akamwambia Gikunda kwamba atakuja, na kuomba msamaha ataomba. Gikunda akashangaa, akamuuliza kama ana hakika. Sulemani akasema, “Mzee amelala. Lawama niachieni mimi niliye hai, mimi naweza kuibeba.”

Dada Cicily, sasa nisikilize. Wewe umezoea kuungama kwa padri. Sisi Waislamu hatuna kizimba cha kuungamia, kwa hiyo kizimba changu umekuwa wewe.

Sulemani hakukosea siku ile, na baba hakukosea. Aliyekosea ni mimi.

Majuma mawili kabla ya sherehe, Sulemani aliniita bucha kukiwa hakuna mteja. Alikuwa na furaha kama mtoto. Akaniambia nipande kwa baba, nimweleze kwa adabu kwamba yeye mkwe angependa kuja alfajiri amsaidie kuchinja. Baba amshike kondoo, yeye ataje jina la Mungu na kupitisha kisu, basi, mengine yote yafanywe kwa desturi ya nyumbani. Hivyo wote watakula chungu kimoja. Hakutaka kumtuma mtu mwingine, alisema baba atalipokea vizuri zaidi kutoka kwangu.

Nilipanda siku ya Jumanne. Nilimkuta baba kwenye kibanda cha kondoo, anamlisha maganda ya viazi kwa mkono. Miezi minane alikuwa amemfungia humo, yaani alianza kumnonesha kabla hata hajatuma neno, wakati sisi tukidhani bado amekasirika. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Ndipo akanieleza kitu ambacho sijui kama wewe aliwahi kukueleza. Alisema alipobatizwa, babu alikataa kula naye tena mpaka kifo. Mapadri walimfundisha kusoma, wakampa jina la Salesio, wakampa kazi, na yote hayo aliyapenda. Lakini kutoka kwa baba yake mzazi alibaki na kitu kimoja tu, namna ya kumwua kondoo wa heshima kama wazee walivyofanya, kumziba pumzi kwa mikono bila kumkata shingo, damu isimwagike ovyo. Babu alimfundisha akiwa mvulana, mikono juu ya mikono. Alisema hajawahi kuifanya kwa ajili ya mtu yeyote, na ataifanya kwa Sulemani, kwa sababu hataki kuwa kama babu aliyekufa hajala na mtoto wake.

Kisha akaniuliza. Sikiliza vizuri, dada. Aliniuliza kama watu wa upande wa mume wangu wana sharti lolote la nyama, maana amesikiasikia. Nami nikamtazama usoni, nikamwambia hakuna, baba, wanakula tu.

Nilishindwa. Ningemwambiaje kwamba mikono ile ambayo ndiyo mali pekee aliyorithi, kwetu Waislamu inatoa kibudu, nyama isiyolika? Nilimhurumia dakika moja, nikamwangamiza miaka ishirini na mitatu.

Nikateremka, nikamwambia Sulemani kwamba baba amekubali kwa moyo mweupe. Nikasema hataki mkwe afanye kazi siku ya kupokelewa, kwa hiyo atamwita Mwislamu mmoja anayeuza mbuzi sokoni Kibirichia aje achinje kwa niaba yake. Nilikuwa nimepanga hivyo, Cicily. Nilipanga mume wangu ale kibudu bila kujua, na baba afurahi, na mimi niibebe dhambi peke yangu, iishe. Nilidhani naweza kuwa daraja kwa kuwadanganya wa pande zote mbili.

Nilisahau nimeolewa na nani. Tulipoingia, ngozi ilikuwa imeanikwa kwenye ua, na Sulemani akaipitia kwa macho kama wewe unavyopitia ukurasa wa sala. Ngozi ya shingo ilikuwa nzima. Hakuna kisu kilichopita pale. Alinigeukia, na mimi nikatazama chini nikijifanya kumfunga mtoto vizuri mgongoni. Yeye akaelewa kwamba baba ametudanganya wote wawili, kwamba aliahidi mchinjaji Mwislamu kisha makusudi akaamua kumlisha haramu mbele ya watu, amcheke baadaye. Na kwa heshima yake kwangu hakunena neno, alirudisha tu kile kipande kwenye sinia. Njiani aliniambia hatamlaumu baba yangu mbele yangu hata siku moja, na ahadi hiyo ameitimiza.

Ningeweza kusema pale pale. Ningeweza kusema wiki ile, mwaka ule. Kila nilipotaka kusema, muda uliopita ulikuwa umefanya kosa kuwa kubwa zaidi, nami nikaogopa kumpoteza na huyu niliyebaki naye. Baba akafa akiamini amedharauliwa. Na Jumamosi mume wangu alikuwa aende akapige magoti kwa kosa langu, mimi nisimame kando na leso mpya, nipokelewe nyumbani.

Jana adhuhuri nilikwenda bucha nikamwambia. Alikuwa anaifuta mizani. Nilisema yote, kama nilivyokuandikia wewe, bila kujitetea. Nilingoja anitukane, nilingoja aniache, ningeona ni haki. Alisema, “Kwa hivyo mzee hakunidanganya.” Akaketi kwenye benchi la wateja. Akaniuliza kondoo alilishwa miezi mingapi, nikamwambia minane. Akarudia miezi minane, miezi minane, kisha akafunika uso kwa ile aproni yenye damu, akamlilia baba yetu, dada, kwa sauti, mchana kweupe, watu wakipita nje na vikapu. Sijawahi kumwona akilia hivyo hata mama yake alipofariki.

Alifunga bucha nyama zikiwa bado zimening'inia, akaenda msikitini. Tangu hapo hajasema nami ila salamu. Asubuhi hii tu aliniuliza kaburi liko upande gani wa nyumba. Nikamwambia ni kwenye mkarakara, chini kidogo ya jiko la mama. Akaitika kwa kichwa.

Sasa ombi langu. Mama bado hajui. Gikunda hajui. Nakuomba usimwandikie mama wala usimpigie simu kabla ya Jumamosi, hata kama huruma itakusukuma kunitengenezea njia. Nimetengenezewa na kutengeneza njia vya kutosha. Nataka aisikie kutoka kinywani mwangu, nikiwa nimesimama nje ya lango, kabla sijakanyaga ndani. Mama Mkuu akikupa ruhusa, njoo. Najua safari ni ndefu na goti ni bovu, lakini njoo. Si kwa ajili ya kunitetea. Mama akinifukuza, mimi nitabaki pale barabarani, nimezoea kubaki nje ya lango lile. Nataka wewe umshike Sulemani mkono umwingize, umwonyeshe kaburi, kisha kondoo achinjwe, na mama ale naye. Mtu mmoja wa nyumba yetu akae na mume wangu, wale pamoja. Nikiuona moshi wa jiko kutoka barabarani, itanitosha.

Wasalimie masista wote, hasa yule wa jikoni anayenitumia mbegu za sukuma. Umsalimie na Mama Mkuu, umwambie ukungu wa ukutani unanisumbua, ili usiwe umemdanganya akiuliza barua ilihusu nini. Nadhira nimempa viazi vyako, ni vya kwetu. Mungu akulinde, akupunguzie maumivu.

Mimi mdogo wako,
Karambu, ambaye huku huitwa Hidaya.